Waliosoma shule ya msingi baada ya Vita vya Kagera: dhiki ile yote ililetwa na vita?

Mtunza Simulizi

Shikamooni wakubwa zangu. Mama yangu alianza darasa la kwanza mwaka 1980 katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Tabora, na kila anapotusimulia habari za shule husimulia dhiki: sare ilifuliwa kwa majani ya mpapai kwa sababu sabuni haikuonekana dukani, penseli moja ilikatwa vipande viwili ili yeye na kaka yake wagawane, na darasa zima lilisomea kitabu kimoja ambacho mwalimu hakukiachia mkononi mwake. Tukimuuliza sababu, jibu lake ni lile lile, kwamba ilikuwa vita ya Amin.

Ninaziandika simulizi hizi ili wanangu waje wazisome. Kinachonitatiza ni kwamba Tabora iko mbali sana na Mto Kagera, na mapigano yalikwisha mwaka 1979 kabla mama hajaandikishwa shule. Naomba mliokuwa wanafunzi au walimu miaka ile mnieleze ni yapi hasa yaliletwa na vita, na ni yapi yalikuwepo tayari.

Wa Ng'ambo ya Mto

Marahaba, binti. Kwetu ni kaskazini ya Mto Kagera, eneo ambalo siku hizi ni Wilaya ya Missenyi, na nilikuwa darasa la nne majeshi ya Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978. Familia yetu iliwahi kuvuka kwenda kusini kabla daraja la Kyaka halijalipuliwa, tukapokewa na ndugu wa baba upande wa Muleba, na sikuingia darasani tena hadi tuliporudi nyumbani mwaka uliofuata.

Shule tuliikuta kuta tupu. Mabati yalikuwa yameng'olewa, milango haipo, na madawati yalikuwa yamegeuzwa kuni. Lilibaki dawati moja lililoungua upande wa kulia, na kila aliyelikalia alirudi nyumbani na kiwiko cheusi kwa masizi, lakini tuligombea kulikalia kwa sababu wengine wote walikaa juu ya mawe na matofali. Kila asubuhi, kabla ya kuita majina, mwalimu mkuu alirudia onyo lile lile: chuma chochote kitakachookotwa shambani au kando ya njia kisiguswe, kisipigwe jiwe, wala kisiletwe shuleni, bali mtu akimbie kumwita mkubwa. Kisha aliita majina kwa kufuata daftari la zamani la mahudhurio, na yapo majina aliyoyaita wiki baada ya wiki bila kuitikiwa, kwa maana hakuna aliyejua kama wenyewe walihamia kwingine au walikufa.

Jambo ambalo watu wa mbali hawalifikirii ni ng'ombe. Ng'ombe wetu walisombwa na askari wa Amin, na bila ng'ombe migomba haipati samadi, na migomba ikidhoofika, mtoto anaondolewa shuleni akatafute kibarua. Wenzangu kadhaa waliacha masomo kwa njia hiyo, tena miaka miwili au mitatu baada ya bunduki kunyamaza. Kwetu sisi, binti, jibu la mama yako lingekuwa sahihi neno kwa neno.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu wa Ng'ambo ya Mto, pole kwa hayo. Kwa Tabora, hata hivyo, itabidi tutenganishe mambo.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyojulikana kwa kifupi cha Kiingereza kama UPE, ambayo ilikuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe mwaka 1977. Watoto walimiminika shuleni kwa wingi ambao vyuo vya ualimu visingeweza kuumudu, na ndipo Serikali ilipotuchukua sisi tuliomaliza darasa la saba, ikatufundisha ualimu huko huko vijijini huku tukiwa tayari tumeshika chaki. Asubuhi nilifundisha darasa la kwanza, mchana nikawa mwanafunzi. Walimu wa UPE tumetupiwa lawama nyingi, na nyingine ni za haki, lakini wanaotulaumu husahau kwamba bila sisi madarasa yale yasingekuwa na mtu yeyote mbele ya ubao. Basi kitabu kimoja kwa darasa zima, na watoto kuandika kwa kidole mchangani, niliyakuta shuleni kabla Amin hajavuka mpaka.

Vita vilichukua kitu kingine, nacho ni usafiri na fedha za kigeni. Malori ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kupeleka askari na vifaa mstari wa mbele, na mengi hayakurudi yakiwa mazima. Mwaka ule ule wa 1979 bei ya mafuta ilipanda duniani, ilhali Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika miaka miwili kabla na kila nchi ikalazimika kujijengea reli na ndege zake. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Sisi wa vijijini tuliifunga kwa miaka kadhaa. Maboksi ya chaki yaliishia makao makuu ya wilaya kwa kukosa gari, nasi tukaandikia vipande vya makopa, yaani mihogo iliyokaushwa, ambavyo huandika vizuri kama ubao ni mkavu.

Mtoto wa Ilala

Mwalimu, shikamoo. Naona umevipunguzia vita uzito kupita kiasi. Nilisoma Dar es Salaam, mbali na mpaka kuliko hata Tabora, na bado vita vilikuwa shuleni kila siku: nyimbo zetu za mchakamchaka zilikuwa za kumzomea Amin miaka mingi baada ya yeye kukimbia, na wenzetu ambao baba au kaka zao walikwenda na mgambo wakafia huko hawakuhitaji kufundishwa uchumi ili wajue kilichowapata.

Kuhusu dhiki, nakumbuka zaidi foleni. Ikisikika kwamba duka la ushirika limepokea sukari au ule unga wa njano tuliouita yanga, nusu ya darasa ilitoweka, kwa kuwa mama alikuwa kazini na mtoto ndiye aliyetunza nafasi. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, tuliona miche ya sabuni imetupwa mtaroni usiku na wenye maduka walioogopa kukutwa nayo. Tuliiokota tukielekea shule, na siku hiyo hakuna mwalimu aliyeuliza kwa nini tumechelewa, maana baadhi yao tulikuwa nao mtaroni.

Mtunza Simulizi

Nawashukuru sana wote. Mwalimu, naomba jambo moja zaidi: hayo majani ya mpapai niyaweke upande gani?

Mwalimu Mstaafu

Mtoto wa Ilala, marahaba, na kuhusu waliofiwa nakubaliana nawe kabisa.

Binti, majani ya mpapai yaweke upande wa vita, lakini uandike pembeni bei ya mafuta na viwanda vilivyokosa malighafi na vipuri, kwa sababu sabuni iliadimika hadi mwaka 1984, Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Kipande cha penseli kiweke hapo hapo. Kitabu kimoja ni cha UPE. Tena muulize mama kama darasa lake la kwanza lilikuwa na kuta au lilikuwa chini ya mwembe, na kama aliingia asubuhi au zamu ya mchana, kwa maana wengi wa kundi lake waliandikishwa kabla vyumba vyao havijajengwa.