Vita viliisha Juni 1979, mimi nikarudi Moshi Juni 1981. Nani kasema "tulikaa tu"?

Wakuu, habari za leo. Naandika nikiwa na hasira, mnisamehe lugha ikipinda.

Wiki iliyopita nimeenda ofisi moja hapa Moshi, siitaji, kurekebisha kumbukumbu zangu za vita vya Kagera, vile tulivyopigana na Idi Amin wa Uganda. Nilichukuliwa mgamboni Novemba 1978 kutoka Kibosho nikiwa na miaka 21. Kijana wa mezani, umri wa mjukuu wangu, akajaza: kuanza 1978, kumaliza Juni 1979. Nikamwambia mwanangu, hapo sipo, mimi nimerudi Juni 1981. Akanijibu bila hata kuinua macho: "Mzee, vita viliisha Juni 1979. Hiyo miaka miwili mlikaa tu."

Tulikaa tu!

Ngojeni niwaeleze tulivyokaa. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Mwanzoni mwa Juni wenzetu wakafika mpaka wa Sudan, tukaambiwa kazi imekwisha. Usiku ule watu waliimba mpaka sauti zikakauka. Mimi nilishaanza kupiga hesabu: Bukoba, meli mpaka Mwanza, halafu basi, nikute kahawa ndiyo kwanza inaiva. Kahawa ikavunwa misimu miwili mimi sipo.

Na Serikali ya Waganda ya baada ya Amin ilipangwa hapa hapa kwetu, Moshi, Machi 1979, kwenye mkutano ule wa Waganda uliomweka Yusuf Lule. Walikaa mjini kwangu siku tatu, wakapata njia ya kurudi kwao. Mimi nikabaki kwao. Lule akakaa siku 68, akaondolewa. Tupo. Akaja Binaisa, naye Mei 1980 akaondolewa. Tupo. Ukafanyika uchaguzi Desemba 1980, Obote akarudi Ikulu. Tupo. Kila anayeingia tunaambiwa tumsubiri akae sawa kwanza, jeshi lake bado changa. Marais wanapita, mimi nimesimama kwenye kizuizi cha barabara ya Jinja, buti la kushoto nimelifunga kwa kipande cha tairi.

Usiku wa Kampala wa miaka ile asikwambie mtu. Silaha zimezagaa, risasi zinalia mpaka alfajiri, kukicha mnaokota maiti. Mwenzangu wa Usa River, tuliyelala hema moja tangu Kagera, alipigwa risasi pale pale barabarani mwaka 1980. Vita vilikuwa "vimeisha" mwaka mzima. Oktoba mwaka huo huo mabaki ya askari wa Amin yakavuka mpaka, yakavamia Koboko na Arua. Huyo kijana aende akawaambie watu wa kule kwamba palikuwa shwari.

Sasa linaloniuma. Baba yangu alifariki Februari 1980. Mimi ndiye kitinda mimba, kwa mila yetu ndiye wa kubaki na mzee kihambani, kwenye shamba la ukoo. Barua ya dada ilinifikia Mei. Karatasi ya daftari, kaandika kwa penseli, nyuma yake kuna hesabu za kugawanya za mwanawe. Akaniambia baba kila akisikia gari linapanda mlima alikuwa anamtuma mtoto barabarani akaangalie kama ni mimi. Redio ilishatangaza tumeshinda, mzee akawa haelewi kwa nini sirudi. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba nilishakufa, familia inamficha tu. Wamemzika mgombani, mimi sijatupa hata konzi moja ya udongo.

Nikaenda na barua kwa afande kuomba ruhusa. Akaisoma mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akasema hana gari, na hana mtu wa kusimama nafasi yangu. Sikumlaumu. Naye alikuwa hajamtia mkewe machoni tangu 1978.

Najua nchi ilikuwa hoi. Mwalimu alituambia tufunge mkanda miezi 18, nyumbani sabuni na sukari ni foleni. Najua pia tungeondoka siku ile ile Uganda ingewaka. Kubakizwa nilishakubali siku nyingi. Ila kufutwa sikubali. Julai 25 ikifika ni hotuba za ushindi, Amin kakimbia, mashujaa wamerudi, basi. Sijasikia hata mmoja akisema kwamba kuna waliobaki kule wakilinda ushindi huo huo huku wazazi wao wanazikwa. Na sasa hata kwenye karatasi yangu mwenyewe, yenye jina langu, miaka hiyo haimo.

Jumatatu narudi pale. Nabeba ile bahasha ya dada: jina langu lipo, namba yangu ya jeshi ipo, na mhuri wa posta wa Moshi wa 1980 bado unasomeka. Wenzangu wa Arusha na Kilimanjaro mliokuwa kule mpaka 1981, nanyi watoto wa waliotangulia, fungueni masanduku, tafuteni barua zenu, tuongozane. Sitoki pale mezani mpaka ile Juni 1979 ifutwe.