Kazi za mikono za sherehe za dunia kwa kikundi cha watoto: nichague zipi?

Mlezi wa Jumamosi aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Nasimamia kikundi cha watoto wa miaka 6 hadi 11, tunakutana kila Jumamosi asubuhi. Mwaka huu tumeamua kuzunguka dunia kwa mikono: kila wiki nchi moja, na kila nchi kitu kimoja cha kutengeneza. Tumeanza na bendera. Watoto wanapaka rangi, wanabandika kwenye kijiti, wanaondoka nazo wakiwa na furaha. Jumamosi inayofuata nikiuliza ile ilikuwa nchi gani na watu wake husherehekea nini, hakuna anayekumbuka.

Nataka kubadilisha. Nichague vitu gani, hasa vinavyohusu sikukuu? Na je, kuna vitu ambavyo si vya kuguswa, hata kama vinapendeza? Vifaa nilivyonavyo ni karatasi za manila, karatasi laini za rangi, uzi wa sufu, gundi nyeupe, chaki na mikasi isiyo na ncha kali.

Bi Mkasi alijibu:

Salamu, Mlezi. Kazi hii nimeifanya na watoto kwa miaka mingi, na la kwanza ninalokuomba ni kupunguza nchi. Moja kila wiki ni mbio. Chagua sita au saba kwa mwaka mzima, uzifuate kwa kalenda ya wenye sherehe, na kila moja uipe muda wa gundi kukauka na muda wa kitu chenyewe kutumika.

La pili ndilo kubwa. Kabla ya kuchagua kitu, uliza kwao kina kazi gani siku hiyo. Kinavaliwa? Anapewa nani? Kinabebwa gizani, kinaning'inizwa kwenye upepo, kinafutwa asubuhi? Mtoto akikitengeneza, akitumie vilevile. Bendera ya karatasi haina kazi tena rangi ikishakauka, kwa hiyo hakuna kinachomrudisha mtoto kwenye nchi ile.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya Bulgaria. Tarehe 1 Machi watu hupeana martenitsa, nyuzi nyekundu na nyeupe zilizosokotwa pamoja, kutakiana afya baridi inapoondoka. Kuna bibi kizee wa masimulizi anayeutawala mwezi huo: akikasirika baridi inarudi, akitabasamu jua linatoka. Martenitsa hufungwa mkononi au hubandikwa kifuani, na haivuliwi mpaka mwenye kuivaa aone korongo, mbayuwayu au mti uliochanua. Hapo huivua na mara nyingi huifunga kwenye tawi. Romania, Moldova na Makedonia Kaskazini wana desturi za namna hiyo, na mwaka 2017 desturi hizo za nchi zote nne ziliingizwa kwa pamoja kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Angalia kazi iliyomo humo! Mtoto hajitengenezei mwenyewe, anamtengenezea mwenzake. Kisha anaivaa siku nyingi, na kila siku anatazama juu kutafuta ndege. Kama mliko hakuna korongo wakati huo, kubalianeni dalili moja ya majira mtakayoisubiri wote.

Namna ya kusokota: chukueni uzi mmoja mwekundu na mmoja mweupe, urefu wa mkono wa mtu mzima, mfunge ncha zote mbili kwa fundo. Watoto wawili wasimame wakitazamana, kila mmoja ameshika ncha yake, na kila mmoja asokote kuelekea kulia kwake. Uzi ukianza kujikunja wenyewe, mtoto wa tatu aubane katikati, wale wawili wasogeze ncha zao pamoja, kisha yule wa katikati aachie. Uzi utajisokota wenyewe mbele ya macho yao. Sijaona mtoto ambaye hakuomba kurudia.

Novemba 11 nenda Ujerumani. Ni siku ya Mtakatifu Martin, askari anayesimuliwa kwamba alilikata joho lake vipande viwili akampa nusu maskini aliyekuwa akitetemeka kwa baridi. Jioni watoto hutembea na taa za karatasi kwenye vijiti wakiimba, na sehemu nyingi hutanguliwa na mtu aliyepanda farasi. Pulizeni puto, mlibandike vipande vya karatasi laini kwa gundi iliyochanganywa na maji, tabaka tatu zinatosha. Nne huzuia mwanga. Likikauka kabisa toboeni puto, mkate mdomo wa juu, mtie waya na kijiti. Ndani wekeni taa ndogo ya betri, si mshumaa. Halafu tembeeni kweli, giza likianza kuingia, hata kama ni kuzunguka jengo tu. Taa iliyobaki mezani imenyimwa kazi yake.

Chaki zako zipeleke kusini mwa India. Katika Tamil Nadu, alfajiri, mbele ya kizingiti kilichofagiwa na kunyunyiziwa maji, wanawake huchora kolam kwa unga wa mchele. Hupanga nukta kwanza, kisha mstari huzizunguka, hupinda, hujikata na mara nyingi hurudi pale ulipoanzia. Siku nzima watu hupita juu yake, sisimizi hula unga, na asubuhi huchorwa nyingine. Wakati wa Pongal, katikati ya Januari, kolam huwa kubwa na zenye rangi nyingi. Wape wadogo nukta 3 kwa 3 na wakubwa 5 kwa 5, wazizungushe zote kwa mstari mmoja bila kuinua chaki. Wakimaliza msipige uzio kuilinda. Waacheni watu wapite. Kwa watoto waliozoea kila kazi yao kubandikwa ukutani hili ni gumu, na ndiyo sababu siliachi.

Japani wana siku mbili zinazofaa. Mei 5, Siku ya Watoto, hupeperusha samaki wa kitambaa walio wazi mdomoni ili upepo uingie na kuwajaza. Wewe tumia karatasi laini, ila mdomo uwe na pete ya manila, vinginevyo utajifunga. Julai 7 ni Tanabata: mtu huandika ombi lake kwenye ukanda wa karatasi na kuufunga kwenye tawi la mwanzi. Masimulizi yake ni ya mfumaji na mchunga ng'ombe wanaotenganishwa na Njia ya Maziwa angani, na hukutana mara moja tu kwa mwaka. Hata wa miaka 6 wanaiweza bila msaada.

Fundi Karatasi alijibu:

Shikamoo Bi Mkasi. Naomba niongeze ya Denmark, maana Mlezi ana manila na mikasi tayari.

Wakati wa Krismasi Wadenmaki husuka mioyo ya karatasi, mara nyingi nyekundu na nyeupe, huiwekea mpini na kuitundika kwenye mti ikiwa na peremende ndani. Ule wa zamani zaidi unaojulikana uliundwa na Hans Christian Andersen mwaka 1860, yule yule mtunzi wa hadithi, ambaye alikuwa na kawaida ya kukata karatasi huku akisimulia.

Kunja vipande viwili, kimoja cha kila rangi, ukivikata kwa umbo la ulimi: upande wa kunjo unyooke, upande wa pili uwe wa mviringo. Kata mistari miwili kuanzia kwenye kunjo, upate kanda tatu. Mistari iwe mirefu kidogo kuliko upana wa kipande, la sivyo moyo utabana na kuchanika. Kusuka kwake si kupitisha juu na chini. Ukanda hupita *ndani* ya mwenzake, halafu huuzunguka kwa *nje* ukanda unaofuata, kwa zamu. Ukifuata hivyo mpaka mwisho, moyo hufunguka kama mfuko. Watoto wa miaka 9 na kuendelea huielewa haraka, wadogo wape kanda mbili tu.

Mlezi wa Jumamosi aliandika:

Asanteni sana, nimeshaanza kupanga upya kalenda. Bi Mkasi, nina maswali matatu yanayonisumbua. Watoto waliona picha wakaomba watengeneze kofia za manyoya za watu asilia wa Marekani. Pia nimeona mafundisho mengi ya "Jicho la Mungu" la Mexico, vijiti viwili vilivyozungushiwa uzi wa rangi. Na Siku ya Wafu, naiogopa kidogo kwa sababu kuna mtoto kwenye kikundi amefiwa karibuni. Niziache zote?

Bi Mkasi alijibu:

Hazifanani, mwanangu, basi tuzitenganishe.

Kofia za manyoya, ziache. Kwa mataifa ya nyanda kama Walakota, kofia ile ni heshima ambayo mtu huipata kwa matendo na kwa kukubaliwa na watu wake. Wenyewe wamesema mara nyingi, hadharani, kwamba inawaumiza kuiona ikifanywa vazi la kuchezea. Mwenye kitu akishasema hivyo, kwangu hakuna mjadala. Waambie watoto sababu. Watoto wanaelewa heshima inayopatikana kwa kazi kuliko tunavyodhani.

Vile vijiti na uzi ni vya Wawixárika, watu asilia wa Mexico, na kwao vinahusiana na sala na ulinzi wa mtoto. Najua vinatengenezwa kila mahali kama pambo. Mimi naonyesha picha, nasimulia, na siwapi watoto watengeneze. Mwingine anaweza kuamua tofauti, lakini sala ya mtu kuigeuza zoezi la kuzungusha uzi sijapata kuiona sawa. Uzi wako utatosha kwenye martenitsa.

Siku ya Wafu usiiache. Novemba 1 na 2, familia za Mexico huandaa meza yenye picha za waliofariki, mishumaa, maua ya cempasúchil ya rangi ya machungwa, na juu yake mabango ya karatasi laini iliyotobolewa michoro. Ni siku ya kuwakaribisha, na mafuvu yake hucheka na kucheza muziki. Katika mji wa San Salvador Huixcolotla, jimbo la Puebla, mafundi hupanga makumi ya karatasi kwa pamoja na kuzichonga kwa patasi na nyundo, tabaka zote mara moja. Watoto wako watakunja karatasi na kukata kwa mkasi, wakiacha ukanda wa juu mzima wa kukunjia kwenye kamba. Itundikeni penye upepo.

Kuhusu mtoto aliyefiwa: ongea na mzazi wake kabla, siyo asubuhi ile. Mtoto mwenyewe mwambie faraghani mtakachofanya, umpe nafasi ya kuchagua kuandika jina la marehemu wake, kutoandika, au kukata maua tu. Usimwite mbele ya wenzake. Nimeona mtoto akikaa kimya nusu ya kipindi, kisha akaomba karatasi ya pili kwa ajili ya babu yake.

Na kwa kuwa tumegusa msiba, ongeza Ghana. Vitambaa vya adinkra, vyenye alama zilizopigwa kwa mihuri, vya watu wa huko waitwao Waakan, vilikuwa vya mazishi na maombolezo, siku hizi huvaliwa hata kwenye furaha. Ni wenyewe waliobadilisha kazi yake. Kule Ntonso, karibu na Kumasi, mihuri huchongwa kwa kibuyu na wino hupikwa kwa magome ya mti. Chonga mihuri ya kiazi au kata sponji, mpige chapa kwenye kitambaa kilekile kimoja kikubwa, kila mtoto na alama aliyoichagua. Sankofa, yule ndege anayegeuza kichwa nyuma, watoto humkumbuka mpaka wanakuwa wakubwa. Ila sema Ghana, sema Waakan. Usiseme "muhuri wa Kiafrika", bara zima halina muhuri mmoja.

Mkunjaji alijibu:

Kwa wale wa miaka 10 na 11 kuna korongo wa kukunja wa Japani, lakini lazima usimulie habari yake. Sadako Sasaki alikuwa na miaka 2 bomu lilipoanguka Hiroshima, Agosti 6, 1945. Aliugua saratani ya damu, akakunja korongo hospitalini akitumaini kupona, kwa imani kwamba anayekunja 1,000 hutimiziwa ombi lake. Alifariki mwaka 1955 akiwa na miaka 12. Wanafunzi wenzake walianzisha mchango, na mnara wa watoto ukazinduliwa mwaka 1958. Hiroshima hupokea korongo wa karatasi kutoka popote duniani, hivyo kazi ya watoto wako inaweza kufika pale.

Mikono ya miaka 6 itashindwa na kukata tamaa, usiwalazimishe. Kwa wakubwa anza na karatasi ya mraba ya sentimita 15, kunjo zote zikandamizwe kwa ukucha.

Mlezi wa Jumamosi aliandika:

Shukrani nyingi. Kalenda mpya: kolam Januari, martenitsa Machi, samaki Mei, Tanabata Julai, adinkra Septemba, taa Novemba, mioyo Desemba. Siku ya Wafu itakuwa mwaka kesho, nikishapata muda wa kuzungumza na wazazi. Swali la mwisho, Bi Mkasi: waya wa taa niupitishe wapi karatasi isichanike?

Bi Mkasi alijibu:

Gundisha ukanda wa manila kuzunguka mdomo kwa ndani, upana wa vidole viwili. Ukikauka toboa matundu mawili yanayotazamana kwenye ukanda huo, pitisha waya, pindua ncha zake kwa nje. Na taa ya betri ifunge kwenye waya, isikae chini ya karatasi.