Video ya Kituku: sura ya marehemu ni ya nani?

Mama wa Ndosho: Ndugu zangu, hili swali limenikaa moyoni tangu tarehe 3 Oktoba 2024, siku boti iliyotoka Minova ilipopinduka mbele ya Kituku, bandari yetu hapa Goma kwenye Ziwa Kivu, ikiwa karibu kabisa kufika. Sote tunajua kwa nini watu walijazana mule: barabara ya Sake vita vilikuwa vimeikata, na mwenye gunia lake la makaa au maharagi hakuwa na njia ila ziwa. Waliokuwa ufukoni wakatoa simu.

Mimi nilikuwa kwa jirani yangu, tunachambua sombe. Simu yake ikalia, kikundi cha kanisa. Akafungua: miili imelazwa chini, haijafunikwa. Akaona kitenge cha kijani alichomnunulia mdogo wake Pasaka. Hakupiga kelele. Aliikuza ile picha kwa vidole viwili, akairudisha, akaikuza tena, majani ya sombe bado yamemganda mkononi.

Kwetu habari ya msiba huletwa na watu. Wanakaa kwanza, wanaomba maji ya kunywa, ndipo mkubwa wao anasema. Yeye aliletewa na simu. Nasema hivi: anayerusha sura ya marehemu kabla nyumbani kwake hawajajulishwa anawakosea, hata akiwa na nia njema. Msiniambie habari ya sheria. Nchi ina sheria ya dijitali tangu Machi 2023 na picha zinazunguka vile vile. Mnasemaje?

Motari (dereva wa pikipiki) wa Birere: Mama, pole sana, na pole zifike kwa jirani. Nami nilirusha, sitaficha. Ile video ya boti ikilala ubavu ndiyo iliyoonyesha jinsi watu walivyopakiwa. Bila hiyo tungeambiwa ni mawimbi, basi. Halafu hizo picha za miili unazozikataa, mwenzangu wa parking alimtambua shemeji yake kwa moja. Wakaenda kumchukua, wakamzika kwa jina lake. Hapa Goma wangapi wanazikwa bila jina?

Muuguzi, Keshero: Motari, umechanganya mambo mawili. Boti inayozama ni ushahidi, uso wa mtu si ushahidi. Maiti tunaitambulisha kwa nguo, kovu, pete. Tunaandika, kisha ndugu anaingia akiwa na mtu wa kumshika. Ukiwa na picha, mpe anayetafuta, yeye peke yake. Kikundi kina watu mia mbili, na nusu ya simu hizo jioni zinashikwa na watoto.

Mama wa Ndosho: Motari, asante kwa kusema ukweli. Kwa ile ya boti umenishinda, nisingetaka ifutwe, na waliopakia watu vile waione kila siku. Na shemeji ya mwenzako, nashukuru alipata kaburi lake. Kwa sura sitoki nilipo. Nikuulize tu, mwanangu: kabla ya kubonyeza, ulikuwa unajua jina la hata mmoja wao?

Jirani bado anayo ile picha. Mwaka ule mdogo wake hakupiga nyingine. Anaogopa kuifuta, na kuifungua hawezi. Juzi aliniomba nimshikie simu mpaka matanga ya mwaka yapite, nami nimeiweka kabatini, imezimwa.