Kisima "kimekamilika" kwenye ripoti, wakulima tunachimba mchanga wa korongo kutafuta maji. Nani kalipwa kwa kazi gani?

Wadau, naomba anayejua anieleze. Kisima kirefu kimechimbwa, kimezinduliwa, utepe umekatwa, kibao kikubwa chenye majina ya waheshimiwa kimesimikwa. Kiangazi kilipoingia, pampu ikaanza kutema hewa. Sasa kibao kipo, maji hakuna, na kwenye makaratasi sisi ni kijiji "kilichofikiwa na huduma".

Tukiuliza tunajibiwa ni ukame, mabadiliko ya tabianchi, tumwombe Mungu. Jamani, ukame si ndio uliofanya kisima kiombwe? Unajengaje mradi wa kupambana na ukame halafu ukame ukifika unausingizia?

Hapa ndipo penye uozo. Kisima kilipimwa uwezo wake katikati ya masika, maji ya ardhini yakiwa juu kabisa. Wakasukuma maji saa chache, yakaruka, watu wakapiga vigelegele, wakaandika namba na kuondoka. Kupima kisima si kuangalia maji yakiruka. Unasukuma mfululizo, saa 24 au zaidi, huku unapima usawa wa maji umeshuka kiasi gani, kisha unazima na kuangalia unachukua muda gani kurudi. Halafu unajiuliza: usawa huu ukishuka wakati wa kiangazi, pampu itabaki ndani ya maji? Mkandarasi hana sababu ya kujiuliza. Yeye analipwa kwa mita alizochimba na kwa karatasi ya makabidhiano. Maji ya mwezi mkavu kuliko yote hayamo kwenye hesabu zake.

Na msiniambie habari za sola. Jua haliongezi tone hata moja ardhini. Paneli zikifungwa kwenye kisima dhaifu bila mita ya maji wala kifaa cha kuzima pampu maji yanaposhuka, mnakimaliza haraka zaidi, tena bure.

Kingine kinachonichefua ni hesabu ya watu. Viwango vya Sphere, ambavyo vinatumika kwenye maafa na kambi za wakimbizi, vinasema angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, na pampu moja ya mkono isizidi watu 500. Hicho ni kiwango cha mtu aliyekimbia na nguo alizovaa! Sisi ni wakulima. Ng'ombe mmoja kwenye joto anaweza kunywa zaidi ya lita 40. Kuna mbuzi, kuna kitalu cha miche, kuna bustani ambayo ndiyo inayolipa ada. Mradi umechorwa kana kwamba tunaishi kwa kunywa maji tu. Matokeo yake mtu anamwagilia usiku kwa kujificha, akikamatwa anaitwa mhujumu na kupigwa faini na kamati ya maji ya kijiji.

Hiyo kamati nayo ionewe huruma. Walipewa semina ya siku moja, soda, na daftari. Spana hawakupewa. Raba za pampu hazipo dukani. Pampu ya mkono aina ya Afridev ilibuniwa miaka ya 1980 kwa nia kwamba wanakijiji wenyewe, akina mama wakiwemo, waweze kuifungua na kubadilisha vipuri. Wazo zuri sana, ila kipuri chenyewe kipatikane basi! Na pale penye maji yenye asidi, ukifunga mabomba ya mabati yanaliwa na kutu. Maji yanatoka mekundu, yanaharibu nguo nyeupe, watu wanayakimbia na kurudi korongoni. Kisha anakuja mtaalamu na gari lake kutuambia "jamii inahitaji elimu". Elimu ya nini, bwana? Kupima asidi kabla ya kuchagua bomba ilikuwa kazi ya nani?

Tenki la mvua la shule nalo lilifutwa kwenye bajeti. Paa la mita za mraba 50 likinyeshewa milimita 10 tu linapokea karibu lita 500, lakini tenki halina uzinduzi wa maana.

Umoja wa Mataifa ulitambua maji kuwa haki ya binadamu Julai 2010. Sawa. Mimi naomba kitu kidogo kuliko hicho: sehemu ya malipo ya mkandarasi izuiwe mpaka kiangazi kizima kipite na mita ionyeshe maji yametoka. Kisima kikifa kabla ya hapo, hela ibaki kijijini inunue vipuri.

Wahandisi na wanasheria mliomo humu, kipengele cha namna hiyo kinaandikwaje? Mwenye nakala ya mkataba wenye masharti hayo aiweke hapa, afiche majina. Mkataba wa kwetu tuliuomba, tukaambiwa ni siri.