Kuangalia muda wa wenzangu Strava (app ya kurekodi mbio) kunanikata stimu ya kukimbia, nyie mnafanyaje?

Mkimbiaji_Temeke: Wakuu habari za humu. Niko klabu moja ya jogging, wikiendi tunapiga barabara tukimaliza kila mtu anarusha mbio zake Strava. Sasa kuna jamaa wanakula kilomita 10 kwa dakika 45, mimi nagonga saa moja na ushee, nikishaona ile listi kesho yake hata viatu sivigusi. Cha ajabu nikikimbia na jirani yangu ambaye ananizidi kidogo tu napata pumzi sijui inatoka wapi, mbavu zinauma na bado siachi. Mbona kule kunaniua na huku kunanijenga? Nizime app?

Chuma_Mzito: Usizime mkuu, badilisha unayemwangalia. Hiyo ya jirani ilishapimwa Ujerumani miaka ya 1920, bwana Otto Köhler aliwachukua wapiga makasia wa Berlin akawashikisha watu wawili chuma kimoja wanyanyue mpaka wachoke, mmoja akiachia basi na mwenzake kazi imeisha. Yule dhaifu alivumilia kuliko akiwa peke yake, hasa pale tofauti yao ilipokuwa ya wastani. Wakilingana sana, au mmoja akiwa mbali mno, ile nguvu ya ziada inapungua. Wa mbele kidogo unaona anafikika, halafu hutaki wewe ndo umkwamishe. Huyo wa dakika 45 mpigie makofi tu.

Binti_Raba: Naongezea, wengi wanadhani kikundi cha kutiana moyo kinatosha. Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walifuatilia wanafunzi karibu 800 kwa wiki 11, matokeo yakatoka 2016, na walioonyeshwa mahudhurio ya wengine wakashindana walijaa mazoezini kuliko wale wa kusapotiana tu bila ushindani. Wale wa kusapotiana walifanya vibaya kabisa, kwa sababu wakianza kutegea wachache macho yote yanaenda kwao na taratibu kutegea kunakuwa kawaida.

Mama_Kocha: Sawa wanangu lakini hao ni vijana wa chuo. Mimi nasimamia kina mama, anayerudi baada ya kujifungua ukimuweka na mwenye spidi anajikaza kimya kimya, goti linauma hasemi, wiki inayofuata humuoni tena. Kwahiyo nawapanga wawili wawili na sharti langu moja, wapige stori njiani, ukiona mmoja anajibu "mh" na "ee" tu ujue kazidiwa, mwenzie apunguze. Hapo mashindano yapo na mtu haumii.

Mkimbiaji_Temeke: Asanteni sana, wale wa juu nimewaondoa kwenye wale ninaowafuata, jirani namuacha. Mama hiyo ya kupiga stori, hata kwenye mlima?

Mama_Kocha: Tambarare tu mwanangu. Mlima kila mtu apande kwa pumzi zake, mnasubiriana juu.