Mrejesho: nauli za wahudumu wa kujitolea

Wakuu, niliomba ushauri jinsi ya kuwarudishia nauli wahudumu wetu wanaozunguka vijijini kwa bodaboda, ambako risiti hakuna. Bodi ya taasisi yetu imepitisha kanuni.

Kwa safari ya basi ni tiketi, nauli isizidi iliyopangwa na LATRA (Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini). Gesti, risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi). Bodaboda inajaziwa fomu: tarehe, alikotoka, alikokwenda, kazi aliyofanya, na saini ya mtendaji wa kijiji. Viwango tulivipanga na wahudumu wenyewe.

Kilichonigusa zaidi ni hoja ya masurufu, yaani fedha za safari zinazotolewa mapema. Mtu asiye na mshahara ataikopesheaje taasisi nauli, kisha asubiri mwisho wa mwezi? Sasa anapewa kabla ya safari, anafanya marejesho akirudi, yaani anaonyesha alivyozitumia. Mhasibu bado ana wasiwasi, ila mimi naona ni haki yao. Asanteni sana.