Tupeane uzoefu: siku mtoto alipoigundua hesabu kabla ya kufundishwa

Mwalimu wa Mwanga: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha hisabati shule ya msingi hapa Kigoma mjini. Leo nimepita sokoni kununua nyanya, nikamkuta mwanafunzi wangu wa darasa la tano anamsaidia mama yake kupanga mafungu. Fungu dogo tatu chini, moja juu. Fungu kubwa sita chini, kisha tatu, kisha moja. Nikamwuliza, ukitaka liongezeke ngazi moja, chini utaweka ngapi? "Kumi, na fungu zima litakuwa ishirini." Hakugusa hata nyanya moja! Umejuaje? "Kila ngazi naongeza safu, mwalimu, na safu hiyo imezidi ya mwisho kwa moja."

Mtoto huyo mtihani uliopita nilimpa 12 kati ya 50. Nimerudi nyumbani roho inaniuma. Nani mwingine ameona kitu kama hiki? Walimu wenzangu, mnafanyaje darasani?

Mama Ujiji: Kweli kabisa. Mimi nilijifunza kwa vizibo vya soda. Kimoja, ongeza vitatu unapata mraba wa vinne, ongeza vitano unapata mraba wa tisa. Ukijumlisha namba witiri kwa mfuatano, mraba haukosekani. Mpaka leo naviona vile vizibo.

Mwana wa Sikonge: Huku Tabora kwetu ni nyuki. Baba alikuwa na mizinga porini, na siku moja mwalimu akaniomba nilete kipande cha sega. Hakusema neno. Akatugawia maboksi tukate maumbo yenye pande sawa, tuyapange mezani yasiache upenyo. Pembetatu zikakaa. Miraba ikakaa. Pembetano ikatushinda: kila pembe nyuzi 108, ukikutanisha tatu unapata 324, linabaki pengo la nyuzi 36. Tuligombana kweli, kila mtu anamwambia mwenzake amekata vibaya. Pembesita zilipokaa, tatu kwa 120, msichana mmoja akanyoosha kidole kwenye sega. Darasa zima likanyamaza. Asali tuliila baadaye.

Chaki Nyeupe: Hadithi nzuri. Mimi nina watoto 140 chumba kimoja. Nikae kusubiri kila mmoja agundue, mada zitaisha lini? Wape kanuni, wafanye mazoezi, wafaulu.

Mama Ujiji: Vizibo vimejaa chini ya kila meza ya duka, mwalimu. Watoto kumi kwa fungu moja.

Chaki Nyeupe: Dada, usinifundishe kazi. Umewahi kusimama mbele ya 140?

Mama Ujiji: Nimewalea saba na wajukuu juu yake.

Mtoto wa Kasulu: Naomba nisimulie, huu uzi umenitonesha kidonda. Darasa la sita, shule siitaji. Mwalimu alitufundisha kwa njia hiyo hiyo ya kugundua. Akachora duara, tuweke nukta juu ya mzingo, tuunganishe kila nukta na kila nyingine, tuhesabu vipande. Nukta mbili, vipande 2. Tatu, 4. Nne, 8. Tano, 16. Tukashangilia, inajizidisha mara mbili! Akauliza, nukta sita je? Darasa zima: 32!

Mimi nikachora. Nikapata 31. Nikarudia na penseli iliyochongwa vizuri, kila kipande nakitia alama. 31. Nikanyoosha mkono. Akaniambia nimeruka kipande. Nikasema hapana, mwalimu, njoo tuhesabu wote. Akaniita mbele. Fimbo nne za mkononi, kwa ubishi. Akaandika 32 ubaoni, na wenzangu sitini wakainakili.

Nilikuja kuthibitisha nikiwa sekondari, kwamba ni 31. Miaka yote katikati nilijua mimi ni mjinga wa hesabu. Hiyo ndiyo inayouma, siyo fimbo.

Mwana wa Sikonge: Dah. Pole sana, ndugu yangu.

Reli ya Kati: Samahani, nimechora sasa hivi nimepata 30. Sasa nani mkweli?

Mtoto wa Kasulu: Umeziweka kwa umbali sawasawa. Mistari mitatu imekutana katikati, kile kipande kidogo cha pembetatu kimemezwa. Sogeza nukta moja kidogo.

Reli ya Kati: Nimesogeza. 31. Mungu wangu.

Chaki Nyeupe: Mmeona? Ndiyo maana nasema wape kanuni.

Mwalimu wa Mwanga: Mwalimu, yule mwenye fimbo ndiye alikuwa na kanuni. Mtoto ndiye aliyehesabu. Wakishaona mpangilio, swali linalofuata ni kwa nini uendelee hivyo. Nyanya tunajua kwa nini, safu inaongezeka. Vizibo tunajua, kila mara unazungushia pande mbili na kona moja. Hii ya duara, nani alieleza kwa nini ijizidishe? Hakuna.

Mama Ujiji: Waacheni wakosee, watajirekebisha.

Reli ya Kati: Hapana, mama, kosa likikaa kichwani halitoki. Wakosee nusu saa tu.

Kete Namua: Waleteeni bao. Mashimo 32, kete 64, mtoto atajua kugawanya kabla hajaenda shule.

Mwana wa Sikonge: Na wachane pembe tatu za pembetatu ya karatasi, wazipange pamoja. Mstari mnyoofu kila mara, hata mkato uwe mbaya vipi. Na ile ya Kasulu mtoto aambiwe: ulikuwa sahihi.

Mtoto wa Kasulu: Nashukuru. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Chaki Nyeupe: Na nukta saba ni ngapi?

Reli ya Kati: Ni

Mama Ujiji: Usimwambie!

Chaki Nyeupe: Nimeshachora, duara limejaa ukurasa mzima wa daftari. Nimefika 40 na kitu. Msiseme.